Mwongozo kamili wa kupeleka timu ya kanisa kuhudumia watoto Nakivale, Uganda

Kila likizo inapokwisha simu huanza kuita. Wapigaji ni viongozi wa vijana na walimu wa shule ya Jumapili waliotoka safari ya misheni, na habari zao zinafanana: nusu ya timu ilikwama mpakani, watoto waliotarajiwa 80 wakaja 400, peremende zikazua vurugu, na siku ya kuondoka watoto wakalia wakining'inia kwenye milango ya gari. Miezi miwili baadaye mchungaji mwenyeji anasema darasa lake la Jumapili limepungua. Watoto wanasubiri wageni warudi na mpira.

Mwongozo huu ni wa timu ya watu 8 hadi 12 kutoka Tanzania, inayokwenda siku tano kufundisha na kucheza na watoto katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Nimechagua Nakivale kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu watoto wengi wa pale familia zao zilitoka Kongo na wanaongea Kiswahili. Ukienda kwingine, badilisha majina ya mahali na ufuate hatua hizi hizi.

Shika jambo moja tangu mwanzo: wewe unakaa siku tano, mwalimu wa pale anakaa na watoto mwaka mzima. Kila uamuzi upime kwa swali moja. Je, jambo hili linampa yule mwalimu nguvu, au linamfanya aonekane hana kitu?

## Vitu vya kuandaa

Karatasi za kila mtu: pasipoti (au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji), kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na nakala ya vyote viwili inayokaa kwenye begi la mtu mwingine.

Karatasi za timu: barua ya mwaliko ya kanisa mwenyeji, barua ya utambulisho ya kanisa lenu, kibali cha kuingia kwenye makazi, orodha ya majina yenye namba za pasipoti, na kanuni za ulinzi wa watoto zilizosainiwa na kila mmoja.

Gari: kadi ya gari, leseni ya dereva, na bima ya COMESA inayovuka mipaka. Bima hii nayo huitwa kadi ya njano, na ndiyo chanzo cha mkanganyiko. Nimeona kiongozi akijibu "kadi ya njano tunayo" kumbe yeye anafikiria chanjo na dereva hana bima. Ziandike kwa majina yake kamili kwenye orodha yako.

Vifaa vya watoto: karatasi za manila, krayoni, makapeni, gundi, kamba ndefu mbili, mipira minne ya kawaida, filimbi, daftari la mahudhurio, na vitambaa vya rangi nne vya kufunga mkononi.

Afya: ndoo mbili zenye koki, sabuni, sanduku la huduma ya kwanza, gluvu, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na chandarua kwa kila mwana timu.

Usibebe unga, sukari, madaftari wala sabuni kwa wingi kutoka nyumbani. Soko la Base Camp, kituo kikuu cha makazi, lina vyote hivyo, na wauzaji wengi ni wakimbizi wenyewe. Ukinunua pale, fedha ya misheni inaingia kwenye nyumba za watoto unaowahudumia.

## Hatua ya 1: Subiri kualikwa

Usianze kwa kuchagua tarehe. Anza kwa kumpigia mchungaji au mwalimu wa watoto wa pale, miezi sita kabla, umuulize watoto wake wanasoma nini sasa, walimu ni wangapi, na nini kinawashinda. Halafu nyamaza usikilize.

Akijibu "njooni tu, chochote mtakacholeta ni baraka", bado hujaalikwa. Huo ni ukarimu wa mwenyeji asiyetaka kukuvunja moyo. Muulize tena baada ya wiki mbili, umuombe aongee na walimu wake kwanza.

Tarehe nazo zipange naye. Shule za Uganda zina mihula mitatu. Watoto wanakuwa likizo mwezi Mei, kisha mwisho wa Agosti kuingia Septemba, halafu Desemba hadi mwanzoni mwa Februari. Mei ni mvua, na barabara ya vumbi ya kuingia Nakivale hugeuka tope. Desemba mwanzoni ndiyo inayotufaa sisi Watanzania, kwa kuwa walimu wa kwetu nao wako likizo. Muulize pia siku za mgao wa chakula au fedha. Siku hiyo mama yuko kwenye foleni na mtoto mkubwa analea wadogo. Ukipanga semina utaipata robo ya darasa, na utakuwa umeitesa familia.

*Umefanikiwa ukiwa na:* barua yenye tarehe, jina la mwalimu mwenyeji atakayeongoza, na jambo moja au mawili waliyoyaomba wao.

## Hatua ya 2: Chagua kazi, na ukatae kituo cha yatima

Kazi inayofaa timu ya siku tano ni kusaidia semina ya watoto wanaolala kwao, na kuwafundisha walimu wa Jumapili mchana. Basi.

Kutakuwa na mtu, mara nyingi mfadhili ndani ya kanisa lenu, atakayetaka timu ipitie kituo cha yatima "kuwabeba watoto kidogo". Kataa kwa heshima na umweleze sababu. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaolelewa kwenye vituo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi wamefikishwa pale na umaskini. Wageni wanapomiminika na zawadi, kituo kinapata sababu ya kuwa na watoto wengi zaidi. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziwalinde watoto dhidi ya madhara ya kujitolea na utalii wa vituoni. Kenya ilikwisha kusimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017.

Kuna sababu nyingine ambayo haihitaji takwimu. Mtoto mdogo asiye na mlezi wa kudumu humkimbilia mgeni yeyote na kumkumbatia. Sisi tunaona upendo. Yeye anatafuta mtu atakayebaki, na wewe utaondoka Jumamosi. Kila timu inayopita inamrudishia kidonda kile kile.

Fedha uliyotenga kwa kituo ipeleke kwa kanisa mwenyeji, wamsaidie bibi au shangazi anayelea wajukuu nyumbani. Hao wako wengi na hawana kibao barabarani.

## Hatua ya 3: Chuja timu

Hapa ndipo viongozi wengi huona aibu, kwa sababu wanaoomba ni ndugu zetu katika imani. Usione aibu. Mtu mwenye nia mbaya kwa watoto hutafuta mahali anapoaminiwa bila maswali, na kanisa ni mahali hapo.

Kila anayeomba apitie haya: awe na miaka 18 na zaidi, awe amefundisha watoto kanisani kwenu angalau miezi sita, alete majina ya watu wawili wasio ndugu zake utakaowapigia simu wewe mwenyewe, na achukue hati ya polisi ya alama za vidole. Mchungaji naye apitie. Mfadhili naye.

Kisha kaeni siku moja nzima ya mafunzo, msome kanuni kwa sauti:

- Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Watu wazima wawili, mlango wazi.
- Mtoto akienda chooni anasindikizwa na mama wa pale, si na mgeni.
- Hakuna kumpakata mtoto aliyezidi umri wa kubebwa, wala kumbusu.
- Hakuna kumpiga mtoto, hata kofi la "kumweka sawa".
- Hakuna kubadilishana namba za simu na mtoto.

Teua mtu mmoja, ikiwezekana mwanamke mwenye umri, awe msimamizi wa usalama wa watoto. Asiwe kiongozi wa timu, ili awe na uwezo wa kumwambia kiongozi "hapana".

*Onyo:* akikataa mtu kusaini, anabaki nyumbani hata kama ndiye mwenye gari.

## Hatua ya 4: Vibali, chanjo na mpaka

Nakivale iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, idara ya wakimbizi. Kanisa mwenyeji ndilo linaloomba kibali, likiambatanisha orodha ya majina yenu na ratiba. Mkifika, kabla hamjashusha hata mpira mmoja, nendeni Base Camp mkaripoti kwa mkuu wa makazi. Timu inayoanza kukusanya watoto bila kuripoti inamwachia mchungaji mwenyeji matatizo ya kujibu baada ya nyinyi kuondoka.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Usiichome wiki ya safari. Kama ulishachanjwa zamani, usirudie kwa sababu tu kadi imeandikwa miaka kumi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo inatambulika maisha yote.

Njia tunayotumia ni Bukoba, Mutukula, Masaka, Mbarara, kisha Isingiro. Ukitazama ramani utaona kivuko cha Murongo na Kikagati kiko karibu zaidi, lakini Mutukula ni kituo cha pamoja: unagonga kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, na maofisa wamezoea mabasi ya makundi. Kwa timu ya watu kumi hilo lina thamani kuliko kilomita zilizookolewa.

Mtanzania halipi viza Uganda. Anachoulizwa ni anakwenda kufanya nini. Jibuni wote jibu moja, la kweli: tumealikwa na kanisa fulani, siku kadhaa, hii hapa barua. Mmoja akisema "kutembea" na mwingine "semina", mtakaa benchi mpaka jioni. Mkoa wa Kagera, mnakotokea kuvuka mpaka, ulipata mlipuko wa homa hatari ya virusi vya Marburg mwaka 2023 na tena 2025, kwa hiyo msishangae kupimwa joto. Mwenye homa asisafiri, hata kama ndiye mpiga gitaa.

*Umefanikiwa ukiona:* mihuri yote miwili kwenye kila pasipoti kabla gari halijawashwa. Kagua moja moja kwa mkono wako.

## Hatua ya 5: Andaa masomo pamoja na walimu wa pale

Fika siku moja kabla ya watoto. Siku hiyo ni ya walimu peke yao, na ukiikosa, safari nzima itakuwa maonyesho ya wageni.

Mgawanyo unaofaa ni huu: mwalimu wa Nakivale anasimulia somo, mtu wa timu anasaidia vikundi, michezo na kazi za mikono. Watoto wamwone mwalimu wao akiwa mbele, na wewe ukimshikia manila.

Lugha. Usidhani Kiswahili chako kitaeleweka chote. Mtoto wa Kivu, mashariki mwa Kongo, atakwambia "batoto" badala ya watoto, na "masomo" akimaanisha shule. "Kutosha" kwao ni kutoa. Dada mmoja wa timu yetu alikuwa akisema "inatosha, inatosha!" ili watoto waache kuchora, nao wakazidi kutoa krayoni kwenye boksi. Mpe mwalimu wa pale maandalizi yako ayasome na akurekebishie. Pia wapo watoto wa Burundi na Rwanda ambao Kiswahili chao ni kidogo. Wachanganye na wenzao, usiwatenge.

Hadithi. Chagua ukijua watoto hawa wamepita wapi. Mathayo 2 kuanzia mstari wa 13 huwagusa kuliko somo lolote nililowahi kufundisha: Yesu mwenyewe, akiwa mdogo, alibebwa usiku kukimbilia nchi ya wengine. Mvulana mmoja aliuliza kama Yusufu alipewa kiwanja cha kulima Misri. Ila ishia mstari wa 15. Mauaji ya watoto wa Bethlehemu yanayofuata si ya kuwasomea watoto waliokimbia vita.

Michezo. Acha mchezo wowote wa kufungwa macho, wa kukamatwa, au wa bunduki. Acha maputo. Puto likipasuka, wapo watakaojitupa chini. Kamba, mpira, nyimbo za kupokezana na mbio za vijiti zinatosha, kwa maana ya kwetu.

Uji. Watoto waliokaa saa tatu na njaa hawasikii kitu. Nunua unga na sukari sokoni, akina mama wa kanisa wapike, na wapewe posho kama wapishi wengine. Kila mtoto kikombe kimoja, hata yule asiyeandikishwa.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza, andikisha kabla ya kuimba

Kosa kubwa ni kupiga ngoma kwanza. Ngoma ikilia, uwanja unajaa kabla hujajua nani ni nani.

Weka meza mbili langoni. Kila mtoto: jina, umri, eneo analokaa, jina la mlezi, na nani atamchukua. Mwalimu wa pale ndiye anayeandika kwa sababu anajua kutamka na kuandika majina yao. Mfunge kitambaa cha rangi ya kundi lake: miaka 4 hadi 6, 7 hadi 10, 11 hadi 14. Rangi ya nne ni ya wasaidizi.

Piga hesabu ya mtu mzima mmoja kwa watoto 10, na kwa wadogo kabisa mmoja kwa 6. Mkiwa na watu wazima 15 kwa jumla, mwisho wenu ni kama watoto 120. Wakija 400, usiwafukuze na usiwaingize. Gawa siku iwe na zamu mbili: eneo hili asubuhi, eneo lile mchana. Tangazo hilo alitoe kiongozi wa pale.

Watakuja pia watoto wa Kisomali na wengine Waislamu, hasa kwa ajili ya mpira. Wakaribishe kwenye michezo na uji. Somo la dini lisitolewe kwa mtoto ambaye mzazi wake hajui na hajakubali. Siwezi kuiheshimu nyumba ya mtu kwa kumfundisha mwanawe kwa siri.

*Umefanikiwa ukiona:* saa ya kufunga, idadi ya watoto waliochukuliwa ni sawa na idadi ya walioandikwa.

## Hatua ya 7: Picha, zawadi na ahadi

Picha. Simu za timu zikae kwenye begi moja. Mtu mmoja apige picha, kwa ruhusa ya mlezi, na apige shughuli: mikono inayochora, duara la mchezo, walimu. Uso wa mtoto mkimbizi ukiwekwa mtandaoni pamoja na jina na mahali, unaweza kumfikia mtu ambaye familia yake ilimkimbia. Jiulize kama ungekubali mgeni ampige picha mwanao akiwa na nguo iliyochanika.

Zawadi. Hakuna peremende, hakuna kurusha kitu kutoka kwenye gari, hakuna kumpa mtoto mmoja shati kwa kuwa umempenda. Usiku huo shati hilo litakuwa ugomvi. Kila kitu kinapita mikononi mwa kanisa mwenyeji, nao watagawa baada ya nyinyi kuondoka.

Ahadi. Maneno "nitarudi", "nitakusomesha" na "nitakutafutia njia ya kwenda ng'ambo" yapigwe marufuku. Watu wa Nakivale wanasubiri mambo mengi, wengine kwa miaka. Usiwaongezee.

## Hatua ya 8: Mtoto akikueleza jambo zito

Itatokea. Mara nyingi siku ya tatu, wakati wa kuchora. Mtoto atachora nyumba inayowaka, au atakwambia mtu fulani humfanyia jambo baya usiku.

1. Kaa naye mahali mnapoonekana, ila msiposikika.
2. Msikilize. Usimhoji, usimuulize "kwa nini hukusema?"
3. Usimwahidi siri. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamweleza mtu mmoja anayeweza kukusaidia."
4. Andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyo hiyo.
5. Mpe taarifa msimamizi wa usalama wa watoto, naye awapelekee wahusika wa ulinzi wa watoto ndani ya makazi. Namba 116 ni ya bure Uganda kwa taarifa za watoto, kama ilivyo Tanzania na Kenya.

Usimkabili mtuhumiwa. Usilete jambo hilo kwenye ibada ya jioni kama ombi la sala, hata bila kutaja jina. Makazi ni madogo na watu watajua. Na kama anayetajwa ni mtu wa timu yenu, au mchungaji, hatua ni hizo hizo, siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 9: Kuaga

Anza kuaga siku ya tatu. Kila asubuhi waambie watoto siku zilizobaki, uhesabu kwa vidole pamoja nao. Mtoto aliyezoea watu kutoweka ghafla anastahili kuona mtu akiondoka kwa utaratibu.

Siku ya tano, mwalimu wao ndiye anayefunga. Atangaze mbele yenu darasa la Jumapili litakuwa saa ngapi na litaanza na somo gani. Vifaa vyote vinabaki kwake: manila, kamba, filimbi, ndoo. Kisha timu iondoke watoto wakiwa wameshachukuliwa na walezi wao, gari likiwa halionekani uwanjani.

## Hatua ya 10: Miezi mitatu baadaye

Mkishafika nyumbani, mwenye homa aende hospitali na aseme wazi alikuwa wapi.

Usitume swali la "mlionaje ujio wetu?" Utajibiwa kwa adabu na hutajifunza kitu. Mpigie mwalimu, si mchungaji, umuulize mambo matatu: Jumapili iliyopita walikuja watoto wangapi? Umefundisha nini? Ni kifaa gani kimeharibika au hakikufaa?

Idadi ikiwa ile ile ya kabla hamjaenda, au imeongezeka kidogo, mmefanya kazi nzuri. Ikiwa imeshuka, muulize watoto wanasema nini, na msipange safari nyingine mpaka mjue.

Mwaka jana mwalimu mmoja alinijibu kwamba krayoni ziliisha wiki ya pili, na sasa watoto wanachora kwa mkaa juu ya maboksi ya sabuni, tena wanachora vizuri zaidi. Alitaka tumtumie somo la Musa kwenye kikapu, akaomba tusiweke picha. Watoto watachora wenyewe.